Mvua Isikatike

Jumatatu. Mvua tangu alfajiri.

Mkurugenzi wetu amerudi kutoka mkutanoni. Ulikuwa mkutano wa dunia nzima, anasema, wa watu wanaoshughulikia elimu ya watoto wadogo, na kila nchi unayoijua ilileta mtu. Amerudi na mkoba wa kitambaa wenye maandishi makubwa: MTOTO HUJIFUNZA KWA KUCHEZA. Nilipoyasoma nilitaka kumkumbatia. Miaka yote nimekuwa nikimwambia maneno hayohayo, naye ananitazama kama mtu aliyeamka vibaya.

Kisha akatia mkono ndani ya mkoba uleule akatoa risiti ya saruji.

"Mwalimu, baadhi ya wajumbe wa mkutano watakuja kututembelea muhula huu huu. Nimewaalika mwenyewe. Sasa siwezi kuwaonyesha matope. Uwanja wa nyuma tunaumwagia saruji."

Nikamuuliza watoto watachezea wapi.

"Si hapohapo? Juu ya saruji."

"Watacheza nini?"

"Watapanga mistari, wataimba."

Nimeanza kuandika leo kwa sababu nisipoandika nitapasuka. Yaani watu wanasafiri kuja kuona watoto wakicheza, na sisi tunawaandalia kwa kuwafungia watoto mahali pao pa kucheza! Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema nina mdomo.

Ninao.

Jumanne. Mvua.

Fundi kaja, kasimama mlangoni, kaangalia juu, kasema hamwagi kitu mpaka mbingu itulie, maana saruji mbichi ikinyeshewa inaondoka na maji. Mifuko ikaletwa na lori, na kwa kuwa stoo inavuja, imepangwa darasani kwangu, ukutani, chini ya turubai. Watoto wa miaka minne na mitano, mkeka mmoja, na mlima wa saruji. Wameshaanza kuupanda.

Jumatano. Mvua. Mungu aiongeze.

Alhamisi. Mvua, ikaacha kabla ya saa ya kula.

Ilipoacha tu nikawatoa. Kwa asiyeujua uwanja wetu: ni kipande cha udongo kati ya darasa langu na ukuta wa jirani, ukubwa wa vyumba viwili hivi, hauna bembea, hauna majani. Una makopo, vijiko vikuukuu, majembe madogo manne, na madumu niliyoyakata shingo. Basi. Lakini maji ya paa yanaangukia pembeni mwa ukuta, na kutoka hapo watoto wamechimba mto.

Msimamizi wa mto ni binti mmoja mdogo kuliko wote, tunamwita Injinia. Muhula ulipoanza alikuwa analia tangu getini mpaka saa ya kwenda nyumbani, anang'ang'ania mguu wa meza, hataki kushikwa wala kusemeshwa. Siku ya kwanza aliyonyamaza ni siku niliyompa kijembe. Leo aliwakusanya wenzake wa makamo yake na waliomzidi, akawaambia mto haufiki kwenye shimo kwa sababu "huku pamenyanyuka." Mwenzake akabisha. Wakamwaga kopo moja upande huu na kopo moja upande ule, wakachuchumaa wakaangalia. Maji yakarudi. Wakachimba tena. Hakuna aliyeniuliza kitu hata kimoja, na mimi nilijikalia kimya nikang'ata ulimi, kazi ambayo kwangu si ndogo.

Halafu eti wapange mistari waimbe.

Ijumaa. Manyunyu.

Mkurugenzi kaniita ofisini. Wazazi wanalalamika sare zinachafuka. Anasema shule ya huko juu, ile yenye geti la rangi ya dhahabu, uwanja wao mzima ni saruji, watoto wanarudi nyumbani kama walivyokuja, na wakifika miaka mitano wanaandika sentensi. Muhula uliopita tumepoteza watoto kwenda huko.

"Mzazi halipi ada mtoto aje kuchimba, Mwalimu."

Nikasema kama tatizo ni sare, nitalimaliza Jumatatu. Jioni nikawaambia wazazi getini: kila mtoto aje na shati kuukuu la baba. Litavaliwa mgongo mbele, vifungo nyuma, juu ya sare. Mama mmoja akauliza, "Na asiye na baba?" Nikamwambia la mjomba, la babu, la jirani, hata la mume wangu ninalo nyumbani, nitalileta.

Mume wangu nimemwambia nimeshaligawa. Kasema ndiyo maana halioni.

Jumatatu. Mvua asubuhi, mchana ikatulia.

Leo nimecheka mpaka mbavu zikauma. Mashati yamekuja! Mikono mirefu inaburuta, kola zimefika puani, wengine walikuwa wanajikanyaga wenyewe. Nimewakunjia mikono mmoja mmoja, nikawafungia vifungo mgongoni, nikawaachia. Walitoka mbio utadhani kikao cha waheshimiwa kimevamiwa na nyuki.

Injinia alikuja na shati jeupe. Nikaona ni jeupe mno, lakini sikuuliza, nilikuwa na vifungo vya watu wengi vya kufunga. Mungu wangu, ningeuliza.

Jumanne. Mvua.

Baba yake Injinia kaja kabla hata sijafungua darasa. Ni mtu mrefu, karani wa benki, sauti yake inamtangulia. Mkononi ana kile kilichokuwa shati.

"Mwalimu, nani kakuruhusu?"

Nikamwambia niliomba shati kuukuu.

"Kuukuu! Hili nilinunua kwa ajili ya usaili wangu wa cheo! Nilimwambia mtoto achague shati, akachagua, nikadhani mama yake kaangalia, mama yake kadhani mimi nimeangalia!"

Nikajitahidi nisicheke, nikashindwa kidogo, akaniona. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Akasema mwanawe anakuja hapa kujifunza matope, kwamba mimi ni mvivu ninayejificha nyuma ya mchezo, kwamba muhula ujao anampeleka shule ya juu. Akayasema yote mbele ya wazazi wengine na mbele ya Mkurugenzi, ambaye alisimama pale bila kunitetea hata kwa neno moja.

Mvivu. Mimi! Ningekuwa mvivu ningewakalisha waimbe.

Nimemwita Baba Shati toka leo, na sitaacha.

Jumatano. Mvua kubwa. Safi.

Jumapili. Mawingu tu.

Mume wangu kaniuliza kwa nini kila saa niko dirishani naangalia juu kama mtu aliyeanika nguo. Nikamwambia. Kasema, "Kwa hiyo mke wangu anashindana na jua." Nikamwambia ndiyo. Kasema basi analihurumia jua.

Mzaha wake unanipoza, lakini usiku huu roho yangu haijatulia. Nikifukuzwa, tutakula nini? Mimi si shujaa. Nimeandika nipate kujiona, na nilichokiona ni kwamba naogopa na bado sitaki kunyamaza.

Jumanne. Jua.

Jua, na fundi kafika pamoja nalo. Kafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, kapigilia vigingi katikati ya mto. Injinia alisimama mbele yake amejishika kiuno, akamwambia, "Hapo umeziba." Fundi akamwambia, "Samahani, mkubwa," akaendelea kupigilia.

Nikaenda ofisini bila kubisha hodi. Sikumbuki yote niliyosema. Najua nilisema watoto hawa wanafundishwa na ule uwanja kuliko ninavyowafundisha mimi na ubao wangu, kwamba mle kwenye tope wanahesabu, wanabishana, wanakosea, wanarudia, na hakuna anayewachapa. Nikamwambia mkoba wake unasema kweli na yeye anauning'iniza msumarini. Nikamwambia ana aibu na watoto wake mwenyewe.

Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Akavua miwani.

"Unajua mimi nilisoma wapi, Mwalimu?"

Nikasema sijui.

"Chini. Darasa halikuwa na sakafu. Tuliandika kwa vidole kwenye vumbi kwa sababu hatukuwa na kitu kingine, na ukikosea herufi unachapwa. Nikirudi nyumbani mama ananipangusa magoti, analia. Niliapa siku nikiwa na shule yangu, hakuna mtoto wa mtu atakayekaa kwenye udongo. Wewe unaona mchezo. Mimi naona magoti yangu."

Mdomo wangu wote ule, nikaishia kuomba ruhusa. Nikatoka.

Jumatano. Mawingu mazito.

Nimemfikiria siku nzima. Nilimwona ni mtu wa kujionyesha, kumbe anakimbia kitu. Nilimhurumia, na bado namhurumia.

Lakini yeye alikaa kwenye vumbi kwa kukosa, na alichapwa akikosea herufi. Hawa wanakaa kwenye udongo kwa kutaka, na wakichoka mkeka unawasubiri ndani. Hayo mambo mawili si jamaa kabisa. Nitamwambia nikipata pumzi.

Alhamisi. Mvua. Fundi kafungua kamba kaenda zake. Watoto wameng'oa vigingi wamejengea daraja.

Ijumaa. Mvua, na upepo.

Jambo la leo sitamwambia mtu.

Watoto walipoondoka nilibaki kupanga darasa. Dirisha lililo juu ya mifuko ya saruji lilikuwa wazi, na upepo ulikuwa unasukuma mvua ndani moja kwa moja. Turubai lilikuwa limeteleza. Mifuko ya juu imeshaanza kuwa na madoa. Siku mbili za mapumziko, dirisha wazi, na Jumatatu Mkurugenzi angekuta saruji imeganda mawe. Hakuna ambaye angejua. Upepo ungelaumiwa.

Nilisimama pale nimeshika funguo za mlango. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka, kusema kweli.

Kisha nikafikiria kushinda hivyo. Kushinda huku nimejificha, halafu Jumatatu nifanye uso wa mshangao. Hapana! Niliyoyasema nimeyasema usoni kwake, na nikishinda nataka nishinde usoni kwake. Nikafunga dirisha, nikavuta turubai, nikalikandamiza kwa madawati mawili. Nimelowa mpaka chupi, nimepanda kitandani na hasira ya kujifanya mwema.

Jumatatu. Mvua.

Jumanne. Mvua. Mto umefika kwenye shimo. Kelele zilizopigwa zilimtoa jirani ndani.

Alhamisi. Mawingu.

Wajumbe wamekuja.

Kwa kuwa saruji haikuwahi kumwagwa, Mkurugenzi aliagiza pazia kubwa la turubai litundikwe kati ya darasa na uwanja, uwanja usionekane. Mimi nikaamriwa nibaki ndani na watoto, wawe wamekaa, mikono mapajani, na wakiulizwa wajibu pamoja. Nilikubali kukaa. Kuwafundisha majibu nilikataa.

Wakaingia, watu wazuri tu, wachangamfu, kila mmoja na mkoba wake ulioandikwa maneno yaleyale. Walipiga picha na watoto. Walipiga picha na mimi. Mmoja wao, mwanaume mwenye sauti laini, alisema alivyofurahi kuona watoto wametulia.

Nikapiga moyo konde. Nikamwambia, "Nyuma ya pazia hili kuna uwanja wanaochezea. Njoo uone walivyopitisha mto." Macho ya Mkurugenzi yalinichoma mgongoni.

Yule bwana akatazama saa. "Ningependa sana," akasema. "Ratiba imetubana. Tukijaliwa, safari nyingine."

Injinia akamshika suruali. "We huwa unachimba?"

Wote wakacheka, wakampapasa kichwa, wakaenda kula. Magari yakaondoka kabla watoto hawajaamka usingizi wa mchana.

Nilikuwa nimewawekea matumaini, sasa naona. Nilidhani watakuja watu wakubwa kutoka mbali, watafungua pazia, watasema "mwalimu huyu ana haki," na mimi nitafuta machozi. Upumbavu mtupu. Uwanja huu uko hapa, na watu wake wako hapa.

Ijumaa. Jua.

Nilimwambia Mkurugenzi: wageni wameshaondoka, saruji ya nini tena? Akasema mifuko imeshanunuliwa, itaganda, na wazazi wanaochungulia shule ya juu hawajaondoka. Fundi anamwaga Jumatatu.

Jumamosi. Jua.

Jumapili. Jua. Nimeacha kwenda dirishani. Mume wangu hakutania, akanipigia pasi gauni la kazini.

Jumatatu. Jua, jua kweli.

Nilifika wa kwanza. Nikatoa kiti changu darasani nikakiweka katikati ya uwanja, nikakaa. Watoto walivyofika mmoja mmoja niliwafungia mashati yao na kuwaambia leo tunaanza na kuchimba, hesabu baadaye. Wakashangilia. Fundi na wenzake walikuwa wameshachanganya saruji ya kwanza, toroli limejaa, linasubiri.

"Mwalimu," fundi akaniambia taratibu, "mimi nina familia."

"Sijakukataza kitu, fundi. Mimi nimekaa tu."

Mkurugenzi akaja. Alikuwa amevaa viatu vya kisigino, akasimama ukingoni asiingie tope.

"Mwalimu, toka hapo."

"Niko kazini, Mkurugenzi. Ratiba inasema watoto wangu wako nje."

"Ratiba nimeibadilisha."

"Mimi sijaibadilisha."

"Nitakufukuza. Leo leo."

Nikalinyoosha juu ya magoti gauni lile lililopigwa pasi. Nikamwambia, "Nifukuze. Lakini barua uandike na sababu, iandikwe wazi: mwalimu alikutwa na watoto wakicheza. Na barua hiyo uitie kwenye ule mkoba wako, nije niichukue humo."

Wazazi wanaoleta watoto walikuwa wamesimama mlangoni, hakuna aliyeondoka. Mama mmoja akanong'ona kwamba mwalimu kapagawa. Mwingine akamwambia nyamaza. Nilimwona Baba Shati anawasukuma apite, nikajua sasa ndiyo basi, huyu atanimaliza.

Akafika ukingoni, akasimama kando ya Mkurugenzi. Binti yake alikuwa chini ya ukuta na lile shati lililokuwa jeupe, anachota matope, hakumwona hata baba yake.

"Mama Mkurugenzi," akasema, na sauti yake ile ikajaza uwanja, "huyu mtoto alikuwa analia kila siku. Kila siku! Mimi naenda kazini kilio kiko masikioni. Sasa asubuhi ananiamsha yeye. Kwenye chakula ananieleza maji yanapita wapi. Mimi sielewi, lakini ananieleza."

"Baba, si wewe uliyelalamika?"

"Nililalamika, na shati sijalisamehe. Shati langu limefia hapa. Sasa mkimwaga saruji leo, limekufa bure!"

Mtu akaangua kicheko, na wengine wakafuata, hata fundi. Mama yule aliyenong'ona akaingia kwenye matope na viatu vyake akamweka mwanawe kando ya kiti changu, akatoka bila kuniangalia.

Mkurugenzi hakucheka. Alikuwa anawatazama watoto, na nilimwona anatazama magoti yao. Nikainuka kwenye kiti, nikamsogelea, nikamwambia yale niliyokuwa nayo tangu ile Jumatano, kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia. "Hawa hakuna anayewachapa, Mkurugenzi. Na wakitaka kutoka kwenye udongo, wanatoka."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nusu," akasema.

"Nusu gani?"

"Usinijaribu, Mwalimu. Nusu inamwagwa. Nusu uchukue, uifanyie unavyotaka. Na wiki hii usinisemeshe."

Nikachagua nusu ya ukutani, yenye maji ya paa. Fundi akafunga kamba upya, na mimi nikaishika ncha moja, nisiibiwe hata unyayo.

Baba Shati aliniaga kwa kichwa. Nikamuuliza usaili wa cheo ulikwendaje. Kasema alivaa shati la bluu, akakosa. Nikamwambia pole, na safari hii nilikuwa na pole ya kweli.

Jumanne. Jua. Saruji imemwagwa. Imenyooka, ni safi, sina kosa la kumtafutia fundi.

Jumatano. Jua. Wameimba juu yake. Walipomaliza kuimba walikaa kimya mistari ileile, mikono mapajani, wanasubiri kuambiwa, bila mtu kuwapanga. Nilipoona hivyo moyo uliniuma. Nikawaelekezea kidole upande wa udongo, wakaruka.

Ijumaa. Mawingu, na harufu ya mvua ya mwisho.

Mkurugenzi kaja na mama mgeni anayetafuta shule. Alimtembeza juu ya saruji, visigino vinagonga, ko, ko, anaonyesha ilivyo safi. Nami nikamwacha aonyeshe, ni haki yake. Walipofika mwisho, pale saruji inapokatika, wakasimama. Chini yao watoto walikuwa wamelala kifudifudi na mashati ya baba zao, mikono imezama hadi mabegani.

"Wanafanya nini hapo?" mgeni akauliza.

Mkurugenzi akanigeukia. Kwa kuwa wiki haijaisha na nilikatazwa kumsemesha, nikakaa kimya.

"Tunapeleka mto," Injinia akajibu, uso ardhini.

"Mnaupeleka wapi?"

"Huko chini ya miguu yenu."

Mkurugenzi akainama, akaona shimo lilivyoingia chini ya saruji yake, akanikazia macho. Mgeni alikuwa ameshachuchumaa, anauliza wamefika wapi. Nikachukua dumu, nikaenda kuwaletea maji.